Kumi na Saba au Kumi na Sita

Jumatano, 6 Machi 2019

Uvimbe. Tairi la nyuma kushoto, ubavuni, upande wa ndani ambako macho hayafiki. Nimetoka misa na majivu kwenye paji la uso, nikasikia gari linagonga-gonga, nikadhani ni msumari. Nikapapasa. Kinundu laini, kinabonyea kwa kidole.

Mzee wa kwado, mziba tairi, hakutoa hata jeki. Aliinama, akatazama, akanyanyuka akishika kiuno. "Mama, nyuzi za ndani zimekatika. Hii haina dawa." Hapo hapo akanipa dawa: atie mpira wa ndani, dola tano, nitembee. Nitembee wapi? Hewa imekwisha kupenya katikati ya matabaka. Siku ubavu ukipasuka, mpira wa ndani unapasuka nao.

La mbele kushoto nalo limeliwa ukingo wa ndani mpaka waya zinachungulia.

Na harusi ni tarehe 30. Kigali.

Alhamisi, 7 Machi

Dukani hakuna kupumua. Kila kikundi cha akina mama kinataka kitenge chake cha kesho, Siku ya Wanawake, rangi moja kwa wote, na wote wamekumbuka leo. Mkasi umeniachia lengelenge kwenye kidole gumba.

Yaya, ndugu yangu mkubwa, kapiga kutoka Nairobi. Nikamwambia habari ya uvimbe. Kimya. Halafu: "Usithubutu kushusha zile janti. 215/45, kumi na saba, basi. Ile iko RS200, haiko taksi."

Gari nilimaliza kumlipa mwaka jana. Bado anasema "Altezza yangu".

Ijumaa, 8 Machi

Defile, gwaride lenyewe! Nimesimama kando ya barabara nikiviangalia vitenge vyangu vikipita, vile vya maua ya njano hasa, ambavyo Januari nilikuwa nimekata tamaa navyo. Mama mmoja akanipungia mkono kutoka ndani ya mstari: "Tantine, umenivika!" Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Usiku, hesabu. Pesa ya tairi ipo. Mawili mapya ya maana, au manne ya okazyo, yaliyokwisha kutumika. Manne mapya, hapana. Kama nisingemnunulia bibi harusi ile seti ya sufuria... Achana.

Jumamosi, 9 Machi

Baada ya usafi wa salongo nimeshuka kwa wauza tairi. Yamepangwa mpaka juu ya paa la bati, yanang'aa, meusi ti. Nimeanza kuogopa hicho cheusi. Tairi la miaka mingi halina haki ya kung'aa hivyo, wamelipaka.

Kijana mchangamfu, kofia nyuma mbele. "Tantine, hii pine iko ya Dubai. Haijatembea." Nikamwomba tochi. Akashangaa mwanamke anaomba tochi. Nikaingiza mkono ndani: kiraka. La pili: kiraka, na kingine pembeni ya bega la tairi, mahali ambapo kiraka hakitakiwi kabisa kuwekwa. La tatu lilikuwa safi ndani, lakini mifereji yake ilikuwa na kina cha ajabu, kingo zake kali mno. Wamechonga upya kwa kisu cha moto. Nikapitisha ukucha, nikafika karibu na nyuzi.

Lile la nne ndilo lililoniumiza. Zuri. Jina kubwa la Kijapani, saizi yetu ileile, mpira laini, mchoro wa V wenye mshale. Nikatafuta zile namba nne ndani ya kiduara kirefu: 3409. Wiki ya 34, mwaka 2009. Tairi hilo lina miaka karibu kumi, na nani ajue lilikaa wapi. Ubavuni, nilipolikunja kidogo, nyufa ndogondogo zikafunguka zote pamoja.

"Bei ya mwisho?" "Arobaini na tano, tantine, juu ni wewe." Nilibaki nimesimama. Niliona Altezza imesimama mbele ya ukumbi, imevaa hayo, na yaya anapiga picha. Nikaondoka haraka kabla sijatoa pochi.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda popote. Nimekaa mlangoni nikitazama kipande cha barabara kutoka kwetu mpaka kwenye lami. Si mbali. Mawe tu, meusi, yana meno. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, volkano ya Nyiragongo ilishuka na kufunika duka la mama hapa hapa mtaani Birere, mashine ya kushona na vyote. Tumejenga juu yake. Na jiwe lile lile ndilo linalokata tairi zangu.

Yaya alikuwa akiliegesha gari mtaani Himbi, kwenye lami. Ndiyo maana za kumi na saba zilimfaa.

Daftari la hesabu za duka, ukurasa wa nyuma. 215 mara 45 kwa mia: milimita 97 hivi. Huo ndio mpira wote uliopo kati ya janti na jiwe. Sasa 205/55, kumi na sita: 113. Milimita kumi na sita zaidi ya ubavu. Na gurudumu zima? La sasa 625, lile 632. Tofauti ni asilimia moja, mshale wa spidi hautanidanganya. 215/50 kwenye janti zile zile za kumi na saba ingekuwa njia ya katikati, lakini inafika 647, na nyuma tayari panasugua nikibeba mabalo ya vitenge.

Kumi na sita. Nimeiandika, nikaizungushia duara. Halafu nikatoka nje kuzitazama janti za yaya. Nzuri mno, shetani hizi.

Jumanne, 12 Machi

Mvua tangu saa nane. Karibu na rondpoint motari wa pikipiki alinikatia mbele, abiria watatu na godoro. Nikakanyaga breki. Gari likateleza pembeni, polepole, kwa utulivu kabisa, mkia ukienda zake. Hakuna aliyeguswa. Motari hakugeuka hata.

Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma hili gari, na ya nyuma ndiyo yaliyokwisha. Mkono unatetemeka ninapoandika. Kuanzia kesho natembea kwa miguu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeota nateremka mlima wa Buranga, njia ya Kigali, kwenye mvua bila tairi, janti tupu, cheche. Yaya amekaa kiti cha nyuma anasema janti ndizo zile.

Jumamosi, 16 Machi

Duka la tairi mpya. Viyoyozi, sakafu ya kung'aa, kijana mwenye kalamu sikioni. Aliniuliza bwana yuko wapi. Nikamwuliza kama bwana ndiye anayeuza. Tukaelewana baada ya hapo.

215/45R17 anazo za aina mbili. Moja imeandikwa 91W. Anaisifia hiyo W: kilomita 270 kwa saa! Nikamwambia kutoka Birere mpaka Katindo nikipata 40 nimshukuru Mungu, na ng'ambo ya mpaka polisi wanasubiri kando ya barabara na kamera zao. Akacheka. Ile 91 ndiyo iliyonipendeza, kilo 615 kwa kila tairi. Za zamani zilikuwa 87, kilo 545. Kwa mtu wa mabalo hiyo si mapambo. Lakini bei! Mawili tu yanakomba kila kitu, na ubavu unabaki ule ule mwembamba.

Halafu 205/55R16, 91V. Kilo 615 vilevile. Kibandiko chake bado kipo, chenye kile kipicha cha wingu na mvua: herufi B. Nimeuliza la bei rahisi zaidi, likaletwa: E. Nimesoma hiyo E nikakumbuka motari na godoro. Rudisha, kaka, rudisha.

Namba: 4118. Oktoba iliyopita. Mpira bado una vinyweleo.

Sijanunua. Sina janti za kuvisha. Lakini nimetoka na moyo mwepesi, kwa sababu sasa najua ninachokitaka: mvua kwanza, ubavu pili, tarehe tatu. Ile W waache wenye barabara zao.

Jumatatu, 18 Machi

Fundi alinijaribishia kwanza janti za kumi na tano, za bure kabisa, kutoka kwa shemeji. Hazipiti. Zinagusa kaliper ya breki mbele. Vizuri pia. Kumi na tano ingenitoa machozi, na hapo yaya angekuwa na haki.

Jumatano, 20 Machi

Janti zimepatikana! Mtaani Mapendo, nyuma ya gereji, kwenye Mark II iliyogongwa ubavu. Kumi na sita, matundu matano, nafasi ile ile ya 114.3, hata tundu la katikati linaingia bila pete. Sura yake ni ya mtumishi wa serikali. Fundi amezizungusha moja moja, zote nyoofu.

Kulipa, kisa. Noti yangu ya mia ina mpasuko pembeni, mdogo, lazima uitafutie mwanga. Imekataliwa. Nikaenda kwa kambisti, anataka kuila dola tano ndipo aibadilishe. Nikamwachia tatu. Noti ile ile nilipewa na mteja siku ya defile, katikati ya makelele. Wajanja wanajua siku ya kuja.

Ijumaa, 22 Machi

Nimenunua manne. Ndiyo, manne. Lile deni la balo la mwisho litasubiri mpaka Aprili, mwenye mali ameridhia kwa shingo upande.

Muuzaji alitaka kuniuzia mawili tu niyafunge mbele, "usukani utakuwa mzuri". Kila mtu hapa anafunga mapya mbele. Gari likiteleza mbele unapunguza mwendo, linarudi. Mkia ukitoka, kama ule wa Jumanne ya mvua, unaufuata mkia. Kama ningekuwa na mawili tu, yangekwenda nyuma.

Fundi akafunga kamba kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele kupima mlalo. Mbele kushoto lilikuwa limetoka nje, ndilo lililokuwa likila ule ukingo. Bushi zimechoka. Amezibadilisha mbili, amekaza, amepima tena. Bila hilo ningetupa pesa jiweni.

Presha 2.3 kote, asubuhi kabla gari halijatembea.

Lile lenye uvimbe halijafika hata jioni. Kijana wa chukudu amelichukua, atakata vipande vya kuvalisha magurudumu yake ya mbao. Lenye waya kachukua mshona sandali za lugabire. Amelipa kwa ahadi ya jozi namba 39, tuone.

Nimepita juu ya mawe yetu, kuja nyumbani. Kimya! Glasi iliyokuwa ikigongana kwenye kisanduku cha mbele haikusema neno. Nimerudi nikapita tena, bila sababu.

Jumamosi, 23 Machi

Nimemtumia yaya picha. Alama mbili za buluu. Hakuna jibu.

Baadaye, saa nne usiku: "Inaonekana gari ya padri."

Ijumaa, 29 Machi

Mizigo imeingia. Sufuria, vitenge, keki ya mama mdogo ninayotakiwa kuishika kwa mikono, sijui nitaendeshaje. Abiria wangu watapita mpaka kwa miguu, petite barrière, na kuningoja Gisenyi; mimi na gari, grande barrière. Karatasi zote zipo. Ukaguzi wa afya mpakani: mikono kwa maji ya dawa, kipimajoto kwenye paji la uso, pita.

Jumapili, 31 Machi

Tumerudi salama. Bibi harusi alilia, sufuria zimesifiwa, keki ilifika na alama ya kidole changu upande mmoja.

Njia sasa. Mvua ilitukamata baada ya Musanze, na pale Buranga ikawa ukuta. Lori mbele, ukungu, maji yanakimbia kwenye lami kutoka mlimani. Nilibana meno. Kona ya kwanza nilikwenda kwa uoga, ya pili nikagusa breki kidogo kusudi, kulionja. Likashika. Hakuna mkia, hakuna drama. Mama mdogo alikuwa anasali rozari kwa sauti, mwishowe akasinzia.

Lakini niseme kweli, usukani umekuwa mvivu kidogo. Ukikata kona kwa ghafla, gari linafikiri kwanza. Lile la kumi na saba lilikuwa linajua kabla yako. Kule Shyorongi, lami kavu, kona zimepangana, nimelikumbuka, kama dakika kumi hivi. Kisha polisi wa kamera akatokea.

Yaya alikuja harusini. Alilizunguka gari, akapiga teke tairi, akaomba ufunguo. Aliporudi alisema ubavu ni mlaini kwenye kona, na kwamba pesa ya bushi ningemwambia angenitumia nusu. Basi. Hajasema "gari yangu".

Janti za kumi na saba ninauza, amekubali. Ziko dukani nyuma ya marobota ya wax, tatu nyoofu, moja imepinda kidogo ukingoni. Mia na hamsini, bei ya mwisho, na noti zenye mpasuko sipokei.