Kuvumwani Penye Majivu

Usione wembamba wa reli, gari moshi hupita. Mpenzi msomaji, methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini sikuielewa hadi Aprili 2025.

Desemba 2024, jiko la nyanya yangu kule Ndhiwa liliteketea. Ni mimi niliyeacha makaa yakiwaka nikakimbilia mpira. Hakuna aliyeumia, ila nyanya alipoteza sufuria, mahindi ya mbegu na kuku aliyekuwa akiatamia. Hakunigombeza. Alinyamaza tu, na kimya kile kiliniuma kuliko kiboko.

Likizo ya Aprili, mwalimu wetu wa Biolojia huku Rongo alituagiza tulete kuvumwani, vile vimea vinavyotanda ardhini kama zulia, na tuseme ni aina gani. Nilipofika kwa nyanya, palepale palipoungua pamekuwa kijani! Nikainama na kioo cha kukuzia.

Kimea chenyewe hakikufika sentimita moja. Hakikuwa na mizizi ya kweli, vinyuzi tu. Majani yalikumbatiana juu kama kabichi changa. Katikati kilitoka kikonyo chembamba chekundu, kama sentimita tatu, na kichwani kijifuko mfano wa parachichi kilichoinama upande.

Kwanza nilidhani ni Bryum argenteum, inayoota kando ya ukuta wa shule. Lakini ile hung'aa kama fedha, na hii ilikuwa kijani kibichi. Nikapulizia kikonyo kikavu pumzi yangu yenye unyevu. Kumbe! Kikaanza kujizungusha chenyewe! Basi nikajua ni Funaria hygrometrica. Neno lile la pili lahusu kupima unyevu. Kimea hiki hupenda ardhi iliyochomwa, nacho huwa miongoni mwa vya kwanza kurudi.

Nilimweleza nyanya haya yote, kisha nikamwambia, "Nyanya, nisamehe. Moto ule ni wangu."

"Najua, mjukuu wangu," akajibu. "Haya, maadamu umejua kuinama, kesho shika jembe tukande udongo wa jiko jipya."

Tulikanda siku tatu, mikono ikatoka malengelenge. Shuleni nilipata nane kwa kumi. Mbili nilizikosa kwa sababu sikuchora mifereji inayoonekana kijifuko kikikauka.

Mwenzangu, chunguza vidogo vilivyo chini ya miguu yako. Na kabla ya kwenda mpirani, zima makaa!