Utabiri wa Barazani

Kila Novemba, mtihani wa Kidato cha Nne ukimalizika, vijana wa mtaani hukaa barazani wakatabiriana. "Wewe utauza urojo Forodhani, umalize sufuria mwenyewe!" "Wewe utakuwa sheha, kila atakaye barua umwambie njoo kesho!" Nami hupita na juzuu zangu, nikacheka kimoyomoyo. Mtume (S.A.W.) naye alitania, ila hakusema ila kweli.

Kwa urojo hakuna aliyekasirika. Lakini mwaka mmoja ilifika zamu ya kijana mwenye kigugumizi. "Huyu atakuwa muadhini, adhana ya Alfajiri ataimaliza Adhuhuri!" Wote waliangua kicheko, naye akacheka. Kisha hakuja chuoni wiki mbili. Na wallahi akisoma Qur'ani hakwami hata herufi moja!

Niliwakalisha wale watabiri, tukasoma Al-Hujurat aya ya 11, inayokataza kudharauliana, na Luqman aya ya 34, kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Sikuongeza neno.

Mtabiri mkuu alikwenda kwao, Malindi, kumtaka radhi. Alijibiwa taratibu, kwa kukwamakwama: msamaha upo, ila urojo wa jioni ile analipa yeye.