Pumba Zilipopata Bei

Mwaka 2012, Simiyu ilipotengwa na Shinyanga na Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa, pumba za mahindi hapa mjini hazikuwa na mwenyewe. Ulikwenda kwenye mashine ya kukoboa na kiroba chako, ukamsalimu mwenye mashine "mwangaluka", ukazoa. Yeye ndiye aliyekushukuru, maana lile rundo lilimzibia njia, na mvua ikilipiga lilinuka mtaa mzima. Kwa pumba hizo, na mifupa ya bucha, na ukoko wa mama lishe wa pale stendi, ndipo sisi majirani wachache tulipoanza kulisha mbwa na paka wasio na kwao.

Mbwa hawakuwa wageni kwa Wasukuma. Boma la mfugaji bila mbwa halijakamilika. Fisi akija usiku, ni nani atakayepiga kelele kabla ndama hajabebwa? Mbwa huyo anakula anachobakiziwa: ugali uliolala, maziwa yaliyoganda, mfupa. Tatizo ni watoto wake. Madume hugawiwa haraka, kila mchungaji anataka dume. Majike hayatakiwi, kwa sababu kila anayemchukua jike anajua mwakani atakuwa na watoto sita wengine wa kuwatafutia kwao. Kwa hiyo majike yanatupwa. Yanaachwa dampo, pembeni ya mnada, kwenye mitaro ya barabara ya Lamadi, ambayo tulipoanza ilikuwa bado inajengwa kwa lami. Karibu wote tuliowaokota miaka ile ya mwanzo walikuwa majike, na hata leo hali haijabadilika sana.

Swali la kwanza tuliloulizwa, na tuliloulizwa kila mahali, lilikuwa: "Mayu (mama), chakula cha mbwa? Na watoto wa watu je?" Sikuliona kuwa swali la dharau. Simiyu ni mkoa wa pamba na mifugo, na mvua zikikata kabla mahindi hayajabeba, kaya nyingi hupunguza mlo. Michembe wanayoanika akina mama baada ya kuvuna viazi haianikwi kwa mapambo. Ndiyo akiba ya miezi ya njaa. Tukajiwekea sharti ambalo hatujaliacha: hatumwombi mtu kitu ambacho mtoto wake angeweza kula. Tutaomba kinachomwagwa tu.

Na vilivyomwagwa vilikuwa vingi. Kwenye machinjio madogo damu ilitiririka tu hadi shimoni. Ukiichemsha, damu inaganda kama maini, unaivunjavunja, unaichanganya na pumba laini, na mbwa aliyekuja akiwa mbavu tupu anaanza kung'aa manyoya ndani ya wiki chache. Mbwa wetu wa kienyeji wa kilo 15 hivi anahitaji kama kalori 850 kwa siku. Jike anayenyonyesha anahitaji mara mbili au hata tatu ya hizo. Pumba peke yake zinajaza tumbo bila kujenga mwili. Lazima pawe na damu, au dagaa, au mapafu yaliyochemshwa vizuri.

Nasema yaliyochemshwa vizuri kwa sababu hapo ndipo pana hatari ambayo watu wengi hawaijui. Ini au pafu lenye malengelenge ya maji, lile ambalo mkaguzi wa nyama hulikataa na kuagiza lifukiwe, lina mabuu ya tegu. Mbwa akilila bichi, minyoo inakomaa tumboni mwake, anatoa mayai kwenye kinyesi, na mtoto anayecheza naye anaweza kuota malengelenge yale yale kwenye ini lake mwenyewe. Mbuzi anayezunguka akipigapiga kichwa hadi kufa mara nyingi naye amepata tegu wa ukoo huo, kutoka kwa mbwa aliyelishwa kichwa kibichi cha mbuzi mwingine. Kwa hiyo kilichokataliwa na mkaguzi hatukichukui kabisa, na kilichopita kinakwenda kwenye sufuria.

Kujifunza kukataa kulituchukua muda mrefu kuliko kujifunza kuomba. Mtu anakuja na gunia la mahindi begani, katembea nalo, anasema ghala limevuja, yameota kuvu, wape mbwa. Unamwambiaje hapana? Tukajifunza kumkaribisha kwanza, kumpa maji ya kunywa, kisha kumweleza. Sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara. Mbwa ini lake halistahimili sumu hiyo hata kidogo. Baada ya kuelezwa hivyo, mzee mmoja kutoka Itilima alikaa kimya, kisha akaniuliza kama kuku wake wanaweza kula. Nikamwambia hapana, nao wasile. Nafikiri siku ile gunia lake lilitusaidia zaidi kwa kutolishwa mtu wala mnyama.

Zawadi nyingine ngumu ilikuwa mashudu ya pamba. Katika mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, mashudu yapo kila kona, na ng'ombe wananenepa nayo. Lakini mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli, ambayo ng'ombe mkubwa huimudu kwa sababu ya tumbo lake la kucheua. Mbwa, nguruwe na kuku hawana tumbo hilo; moyo wa mbwa huharibika polepole. Mizoga nayo hatuipokei. Ng'ombe aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani bila kuganda, huyo haguswi, hachunwi, hapewi mbwa. Anaitwa mganga wa mifugo, kwa sababu ya kimeta.

Halafu, taratibu, vitu vya bure vikaanza kwisha.

Siwezi kutaja siku. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 kuku chotara, Kuroiler na Sasso, waliingia mijini kwa wingi, na kila mama mwenye uwanja akajenga banda. Kuku hao wanakula pumba. Wanenepeshaji wa ng'ombe nao wakataka pumba. Siku moja nikafika mashine na kiroba changu nikakuta pumba zimefungwa kwenye magunia, zimepangwa ukutani, zina bei. Mwenye mashine hakunikwepa. Alisema, "Mayu, sasa hizi ndizo zinalipa umeme wangu." Alikuwa na haki. Nilisimama pale nikijua kwamba sharti letu la kuomba kinachomwagwa halikuwa na kazi tena, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kinamwagwa.

Dagaa wakafuata njia hiyo hiyo. Sisi tuko karibu na ziwa, ukishuka Lamadi na Nyashimo kule Busega unawakuta. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika na bei inapanda. Wale wanaoanikwa mchangani, na wale wanaonyeshewa kabla hawajakauka, zamani walikuwa wanauzwa kwa bei ya kutupa, na wachuuzi walitujazia mfuko bure. Tuliwachekecha mchanga usiku kucha. Leo viwanda vya chakula cha kuku vinanunua hata wale waliovunjikavunjika. Kenya wanawaita omena, Uganda mukene, na kote huko kuzunguka ziwa hadithi ni hiyo: samaki huyu mdogo amegombaniwa na mabanda ya kuku. Mwaka 2022 unga ulipopanda nchi nzima, hata ukoko wa mama lishe ukaadimika. Watu walikuwa wanaula wenyewe, na walikuwa sahihi.

Ule ndio wakati tulipokaribia kufunga kazi yetu. Nilisikia habari za wenzetu: shirika la Mbwa Wa Africa kule Usa River karibu na Arusha, na shirika la KSPCA la Nairobi ambalo lina miaka mingi katika kazi hii. Wao wako karibu na wageni, watalii na maduka yanayouza chakula cha mbwa cha mifuko. Huku kwetu sijawahi kukuta duka lenye mfuko huo. Mpaka Mwanza, na bei yake ingelipa ada ya mtoto. Ilibidi njia yetu itoke hapa hapa.

Ilitoka kwa paka. Mwenye mashine yule yule alikuwa anateswa na panya. Walimtobolea magunia, na sumu ya panya hakuitaka karibu na unga wa watu. Tukampelekea majike wawili waliokwisha kufungwa kizazi na kuchanjwa. Baada ya msimu mmoja wa mavuno akatuma kijana wa boda na gunia la pumba. Sikuwa nimeomba. Gunia lile lilikuwa na bei, angeliuza asubuhi ile ile, lakini akalileta kwetu, na mimi nikaliona kubwa kuliko marundo yote ya bure ya mwaka 2012. Wenye maghala ya mpunga wakasikia. Sasa anayechukua paka anajua tuna taratibu mbili: paka alishwe kidogo kila siku, kwa kuwa paka mwenye njaa anahama badala ya kuwinda, na msimu ukifika, ghala litukumbuke. Paka wenyewe ndio wa kwanza kupata dagaa kwetu. Mbwa anaweza kuishi kwa ugali wenye kitoweo kidogo. Paka mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, na akikosa nyama au samaki macho na moyo vinaharibika.

Pesa za simu nazo zilichangia. Watoto wa Bariadi walioko Dar es Salaam na Mwanza hutuma elfu mbili, elfu tano, na wengi wanaongeza ya kutolea, jambo linalonigusa kila mara. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, zile elfu mbili zilipotea karibu zote. Tozo zilipopunguzwa zikarudi moja moja. Kwa wale wanaotuma kidogo kidogo, makato ya shilingi mia chache ndiyo yanayoamua kama watatuma au la, na ningependa wanaopanga makato wajue hivyo.

Lakini kilichofungua mioyo kuliko vyote ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti pamoja na idara za mifugo wakaanza kuchanja mbwa, pamoja na chanjo ya kichaa, katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, hadi Meatu na Bariadi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisema watu wapatao 1,500 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka Tanzania. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Siku za chanjo watoto hufika na mbwa wamefungwa kamba za katani, wengine wamewabeba mgongoni. Tulianza kupeleka wa kwetu hadharani, mbele ya mtaa mzima, na kila mmoja akarudi na cheti chake. Baada ya hapo wazazi hawakuvuta tena watoto wao tulipopita, na mwenye bucha ambaye kwa miaka alinijibu kutoka mbali alianza kunitengea mapafu Jumamosi. Yeye hadi leo hataki malipo. Anachotaka ni kuambiwa ni mbwa gani amekula, na amepona nini.

Sasa ni baada ya mavuno na bei ya pumba iko chini. Mwenye mashine amenionya itapanda kabla ya Krismasi, kwa hiyo tunanunua kwa michango iliyopo na kupokea ya maghala, tunapanga magunia juu ya chanja za mbao, mbali na ukuta, kila gunia limeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Kijana mmoja wa sekondari hupita kila Ijumaa akifungua magunia na kuingiza mkono hadi katikati kutafuta joto na unyevu. Akilipata lenye joto, tunalimwaga juani siku hiyo hiyo.