Nyanya si Ngamia

Msomaji wangu, ikiwa umezaliwa mahali pa mvua nyingi, kama nilivyozaliwa mimi katika vilima vya Taita, yamkini waamini kwamba mnyanya huota wenyewe hata jalalani. Nami niliamini hivyo nilipotoka chuo cha ualimu na kupelekwa kusomesha Garissa.

Nyuma ya nyumba yangu nilichimba vishimo 20, nikachanganya udongo na samadi ya mbuzi, ambayo huko haina uhaba, nikaatika miche jioni jua lilipopungua ukali. Miche ikashika. Nikaifunga kwenye fito, nikaijengea kivuli cha majani ya mikoma, kwa maana joto la mchana likipita nyuzi 35 hivi, maua mengi hupukutika kabla ya kutunga tunda. Mpaka hapo nilijiona fundi.

Matunda yalipofikia ukubwa wa yai, vitako vyake vilianza kuwa vyeusi, vikadidimia mfano wa ngozi iliyoungua. Nikashuku wadudu. Nikanunua dawa, nikanyunyiza; weusi ukazidi. Nakiri kwamba nilinyunyiza na mara ya pili bila kumwuliza mtu, kwa kuwa mwalimu huona haya kuuliza.

Maji nilikuwa nikiyanunua kwa madumu kutoka kwa wenye mikokoteni ya punda. Mshahara ulipoingia niliyamwaga kwa ukarimu. Mwisho wa mwezi niliipita miche yangu nikitazama kando. Mzee mmoja alimaye ukingoni mwa Mto Tana alishika tunda moja, akaligeuza, akaniambia, "Mwalimu, wewe umelea ngamia. Ngamia hunywa leo, akangoja siku nyingi. Mnyanya hauwezi."

Baadaye nilifahamu sababu. Tunda huhitaji kalsiamu, nayo husafiri ndani ya maji yapandayo kutoka mizizini. Maji yakikatika, kitako cha tunda, kilicho mbali kabisa na kikonyo, ndicho hukosa kwanza, kikafa. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni tele. Kinachokosekana ni maji ya kuichukua. Wala hapakuwa na mdudu wa kuuawa.

Nikaanza upya. Safari hii nilitandaza nyasi kavu chini ya kila mche, unene wa vidole vinne, nikagawa maji kidogo kidogo kila asubuhi, shinani wala si majanini, hata siku ambazo mimi mwenyewe niliahirisha kuoga.

Tunda la kwanza kuiva nilimpelekea yule mzee. Kabla ya kunishukuru, aliligeuza akatazama kitako chake.