Kuhamisha Fumbo Kutoka Ukurasani Hadi Uwanjani

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliopita tulikaa nyuma ya Darasa la Tatu, kalamu mkononi, tukikagua somo la Hisabati la mwanachuo wetu mmoja. Kitabuni mlikuwa na hadithi fupi ya bibi aliyefunga sanduku kwa namba ya siri, akamwachia mjukuu wake barua ya kumwelekeza namna ya kuipata. Mwanachuo hakuisoma hadithi ile kama ilivyo. Aliiandika barua upya, akaificha chini ya jiwe mlangoni, kisha akawatoa watoto nje wahesabu madirisha ya shule nzima. Sanduku lilikuwa mezani kwake, tayari kufunguliwa kwa atakayetaja namba iliyo sahihi.

Haukupita muda, uwanja ukajaa mbio na kelele. Wengi walirudi na 13, wengine na 11, na baadhi walikuwa wamekwisha kusahau kwa nini wanahesabu. Mtoto mmoja, ambaye mwalimu wa darasa alitudokezea kwamba hajibu swali hata akiitwa kwa jina, alirudi polepole akasema, "Kumi na nne. Moja liko nyuma ya jiko."

Tulimsikia. Hata hivyo tuliandika katika fomu ya ukaguzi kwamba wanafunzi wametawanyika, muda umepotea, na zana haikusaidia somo. Alama tuliyotoa ilikuwa hafifu. Mwanachuo aliinamisha kichwa akasema, "Nimesikia, mwalimu," wala hakujitetea.

Sasa yatupasa kueleza jinsi tulivyokuja kutambua kwamba nusu ya hukumu ile haikuwa ya haki.

Miezi michache baadaye mdogo wetu anayefanya kazi ng'ambo alirudi likizo na miwani ya uhalisia pepe. Miwani hiyo hufunika macho yote mawili. Kila jicho huonyeshwa picha yake, na picha hubadilika kila kichwa kinapogeuka, hata mtu akajiona amesimama mahali pengine kabisa. Ndani yake mlikuwa na mchezo tuliowahi kuucheza ujanani katika kompyuta, nao huitwa Myst.

Mchezo huu ulitungwa Marekani na ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, wa kampuni ya Cyan, ukatolewa mwaka 1993. Ndani yake hamna vita wala saa ya kumhimiza mchezaji. Mtu hujikuta peke yake katika kisiwa kimya chenye mashine na vitabu, na kwa kufumbua fumbo moja baada ya jingine hupata habari za baba mmoja, Atrus, na wanawe wawili. Zamani kisiwa kile kilikuwa mfululizo wa picha tuli: ukibofya, picha moja huondoka na nyingine huja. Mwaka 2000 lilitoka toleo lililomruhusu mchezaji kutembea apendavyo, na tarehe 10 Desemba 2020 Cyan wakatoa toleo la miwani, kisiwa kikiwa kimejengwa upya.

Fumbo la mwanzo ni la kuhesabu. Mchezaji huokota barua majanini, ambayo Atrus amemwandikia mkewe Catherine, ikimwagiza ahesabu swichi za aina fulani zilizosimama kisiwani, kisha aiingize hesabu hiyo katika chombo kilichomo chumbani kando ya gati. Jibu tulilijua tangu ujana: ni 8. Lakini tulipovaa miwani tulijikuta tunahesabu upya, tukigeuza shingo na kuchungulia nyuma ya majengo, kana kwamba hatukuwahi kufika. Ndipo tukamkumbuka yule mtoto. Katika ukurasa wa kitabu madirisha yote huonekana kwa mara moja; ukurasa hauna nyuma ya jiko. Mtoto yule alipata kitu ambacho kitabu kisingeweza kumpa, nasi tulikiita upotevu wa muda.

Hata hivyo, msidhani kwamba kuhamisha fumbo ni kulitoa hapa na kuliweka pale. Waliouhamisha Myst walikutana na matatizo, na matatizo yao yanafanana sana na yale ya uwanja wa mwanachuo wetu.

Tatizo la kwanza ni mwendo. Tulipojaribu kutembea moja kwa moja tulishikwa na kizunguzungu, kwa kuwa macho husema tunakwenda, ilhali sikio la ndani, lenye kazi ya kutunza mizani ya mwili, husema tumesimama. "Kaka, usitembee, ruka," mdogo wetu alituambia. Watengenezaji wameweka njia ya kuelekeza mkono mahali unapotaka na kutokea hapo mara moja, na pia ya kugeuka kwa hatua badala ya kuzunguka mfululizo. Angalieni: wamerahisisha mwendo, lakini fumbo hawakulirahisisha. Aghalabu sisi walimu hufanya kinyume. Somo likituvurugikia, tunawapa watoto jibu, na vurugu tunaiacha palepale.

La pili ni kazi ya mkono. Katika kompyuta kila jambo lilifanywa kwa kubofya. Katika miwani, mchezaji hunyosha mkono, hushika wenzo na kuuvuta, au huzungusha gurudumu la bomba. Kila kifaa kilihitaji kufikiriwa upya: mkono utakishika wapi, na utajuaje kwamba umekwisha kukivuta? Vivyo hivyo mwalimu anayetoa hadithi ukurasani hana budi kujiuliza kila mtoto atashika nini.

La tatu ndilo lililotugusa zaidi. Mwaka 1993 kasha la Myst liliuzwa likiwa na daftari tupu la kuandikia maelezo, maana kumbukumbu peke yake haitoshi. Aliyevaa miwani halioni daftari lililo mezani. Mara kadhaa tulisahau tulichokisoma, tukavua miwani ili tuandike, na kisiwa kikapotea. Hapo tulielewa kwa nini wale watoto walisahau shabaha ya kuhesabu. Mwanachuo aliwapa uwanja, lakini barua na daftari vilibaki darasani.

Tulimwita ofisini tukamweleza haya yote, nasi tukakiri kosa letu mbele yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi naweza kulifundisha tena, mwalimu?" Akalifundisha katika shule nyingine, watoto wakienda wawili wawili. Kila jozi ilikuwa na nakala ya barua na kipande cha karatasi. Mmoja alihesabu, mwenziwe aliandika, na walikwenda kituo kwa kituo. Somo lilichukua vipindi viwili badala ya kimoja, na jozi tatu zilikosa namba. Lakini hakuna jozi hata moja iliyoshindwa kutueleza ilikuwa ikihesabu nini, na kwa nini.

Ndugu walimu wanafunzi, hatuwaambii mtafute miwani ya uhalisia pepe. Barua, jiwe na madirisha vyatosha. Tunalowaomba ni hili: mnapohamisha somo kutoka chombo kimoja hadi kingine, ulizeni kwanza ni tendo gani la ugunduzi lililo moyoni mwake. Hilo lihamisheni zima. Mwendo, vifaa, muda na mahali pa kuandikia, vyote hivyo vibadilisheni bila huruma mpaka vilitumikie.

Na kwetu sisi wakaguzi, tujifunze kutazama mtoto anarudi na nini kabla ya kupima kelele. Alama ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kupelekwa. Tumeandika barua ya kuomba irekebishwe, na tungali tunangoja jibu. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Lakini kosa la mwenye kalamu humwangukia mwingine, na huyo hapaswi kungoja mpaka mkaguzi wake avae miwani ndipo aonekane.