Kandalama, Hoteli Iliyoachiwa Msitu

Wenye hoteli wa pwani yetu wana ombi moja wanaloniletea karibu wote: "Dada, tuwekee kijani kidogo pale mapokezi." Kijani hicho huja mwishoni, rangi ikishakauka na fedha zikishakwisha. Vyungu viwili vitatu huwekwa kando ya mlango, na baada ya miezi michache majani yananyauka kwa sababu kiyoyozi kinayapulizia mchana kutwa. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, nami nilikuwa na hamu ya kuona jengo ambalo mmea ulihesabiwa tangu mchoro wa kwanza. Kila msanifu niliyemuuliza alinitajia Kandalama, Sri Lanka. Mwezi wa saba nikafunga safari, yangu ya kwanza kuvuka bahari ya Hindi.

Niliyemwona mapema kabisa alikuwa wa kwetu. Kwenye nyumba ya wageni karibu na uwanja wa ndege wa Colombo, kando ya meza ya mapokezi, kulikuwa na mmea wa zamiokulkasi wenye majani manene yanayong'aa. Wageni wengi huona ni pambo la kizungu. Asili yake ni vichaka vya Kenya na Tanzania, pamoja na Zanzibar, hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa biashara mwaka 1996, na leo hakuna ukumbi wa benki wala hoteli unaoukosa. Huhifadhi maji kwenye viazi vyake chini ya udongo, kwa hiyo huvumilia kona ya giza na mhudumu aliyesahau kumwagilia. Kadhalika ua dogo la zambarau linalopangwa madirishani Ulaya lilichukuliwa Usambara mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, likapewa jina lake. Inaniuma kwamba sisi tunaagiza michikichi ya vyunguni kutoka nje huku mmea unaopendwa na hoteli za dunia nzima unajiotea wenyewe vichakani kwetu.

Kutoka Colombo hadi Dambulla ni kama kilomita 150. Barabara inapita Kurunegala, katikati ya minazi, mifenesi na mashamba ya mpunga, bajaji zikipishana na mabasi, na madafu ya rangi ya chungwa yamepangwa kando ya njia. Mtu wa Muheza asingejihisi mgeni. Baada ya Dambulla tuliacha lami, tukaingia njia ya vumbi, nami nikawa natafuta hoteli ya vyumba 152. Nilichokiona ni kilima cha mwamba kilichofunikwa na majani. Dereva alisimama, akaonyesha kwa kidole. Jengo lilikuwa mbele yangu.

Aliyelichora ni Geoffrey Bawa, mwanasheria wa zamani aliyenunua shamba la mpira huko Bentota mwishoni mwa miaka ya 1940, akaligeuza bustani, na kwa ajili ya bustani hiyo akaenda London kusomea usanifu. Alihitimu mwaka 1957, akikaribia umri wa miaka 40. Kazi ya Kandalama ilipomjia mwaka 1991 alionyeshwa kiwanja karibu na mwamba wa Sigiriya. Alikikataa. Hakutaka mgeni alale chini ya ajabu ile. Alitaka aione kwa mbali, ng'ambo ya maji. Akachagua ukingo huu wa mwamba juu ya bwawa la kale la umwagiliaji, na hoteli ikafunguliwa mwaka 1994. Haikupita bila upinzani. Watawa wa Kibudha na watu wa mazingira waliandamana wakati wa ujenzi, wakihofia maji ya bwawa na utulivu wa mahali patakatifu pa Dambulla. Naamini hofu ile ilikuwa ya haki. Msitu si mali ya mchoraji, na anayeingia msituni kujenga lazima aulizwe.

Mlangoni unapita kama pangoni. Mwamba haukulipuliwa ili kupisha ukuta. Ukuta ndio uliousogelea mwamba na kusimama hapo. Korido ndefu upande mmoja zina jiwe lenyewe, jeusi na baridi ukiligusa, na upande wa pili hazina ukuta kabisa, upepo wa bwawa unaingia upendavyo. Sakafu ni wazi, fanicha chache, rangi ni nyeusi, nyeupe na ya mbao. Nilitafuta vyungu vya mapambo kwa macho ya kikazi, nikaona havikuhitajika. Juu ya ngazi kuu bundi mkubwa wa chuma wa msanii Laki Senanayake amekunjua mbawa, kama anayeingia kuwinda. Hilo ndilo pambo, na linatosha.

Chumbani mwanga ulikuwa wa kijani. Nje ya dirisha mimea ya kutambaa ilining'inia kama shela, na jua la saa nane likawa linanifikia limechujwa. Tumbili walipita kwenye matawi hayo wakinichungulia. Mgeni huonywa kufunga dirisha, la sivyo watabeba matunda na hata miwani.

Asubuhi nilimkuta mzee mmoja mtunza bustani akipogoa, nikamwomba anifafanulie jinsi ukuta unavyosalimika. Alinishika mkono akanipeleka mahali panapoonekana vizuri. Mimea haigusi ukuta. Mbele ya jengo zimesimamishwa fremu za mbao, nayo hupanda humo. Kati ya majani na zege kuna nafasi. Majani huchukua jua, hewa hupita katikati, ukuta haupati joto wala unyevu wa mizizi. Jengo lenyewe limeinuliwa kwa nguzo, maji ya mvua yashuke chini yake kuelekea bwawani na wanyama wapite. "Ukiacha kupogoa?" nikamuuliza. Akacheka. "Msimu mmoja wa mvua tu, mgeni hataona bwawa."

Nilikumbuka magofu ya Gede, karibu na Watamu, ambako miti imekalia kuta za mawe ya matumbawe na mizizi imepenya kwenye nyufa. Pale watu waliondoka, msitu ukaingia bila mwenyeji. Hapa umekaribishwa, umepewa pa kupanda na mtu wa kuuelekeza kila siku. Gharama ya hoteli ya namna hii iko kwa mzee yule na wenzake, kwenye mishahara yao ya kila mwezi, na hapo ndipo wenye hoteli wetu hukwama. Hununua mimea mara moja, wakadhani wamemaliza.

Tena wanauziwa sababu isiyo ya kweli. Wauzaji husema mmea wa ndani husafisha hewa, wakitaja majaribio ya NASA ya mwaka 1989. Majaribio yale yalifanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa. Katika chumba cha kawaida hewa inayopita dirishani hufanya kazi hiyo mara nyingi zaidi kuliko majani. Mmea una kazi zake halisi: kivuli, ubaridi, faragha, na jicho kupata mahali pa kupumzika.

Siku iliyofuata nilipanda Sigiriya, mwamba wa karibu mita 200 ambao mfalme Kashyapa alijenga kasri juu yake katika karne ya 5. Chini yake kuna bustani za maji, na baadhi ya chemchemi zake bado hurusha maji msimu wa mvua. Bawa hakuanza jambo geni katika nchi hii.

Niliporudi hotelini nilipima kwa hatua na kwa kamba umbali wa fremu hadi ukutani, nikachora, nikapiga picha, nikamtumia fundi wangu wa Bagamoyo, tunakojenga nyumba ya wageni. Alijibu usiku uleule. Hakuuliza kuhusu mimea. "Dada, mbao gani itakayohimili chumvi ya bahari? Boriti za mikoko hatuzigusi." Nikamwandikia: mtiki wa Longuza, na nguzo zianze kuchimbiwa kabla hatujapaka rangi.