Shule ya Famasia na Kidonge cha Nyumbani

Serikali inapotangaza kwamba chuo kikuu cha umma kitafungua shule ya kufundishia wafamasia, watu wengi huisoma habari hiyo upesi na kufunua ukurasa wa pili. Shule ya madaktari hushangiliwa, daraja jipya hupigiwa ngoma, lakini famasia huonekana kuwa jambo la wataalamu peke yao. Hata hivyo, ni nyumba gani isiyokuwa na vidonge vilivyofungwa katika karatasi, au chupa ya dawa ya kikohozi juu ya kabati? Habari ya shule hiyo ni habari ya kila nyumba.

Historia ya sehemu zetu inaonyesha jinsi jambo hili lilivyochelewa. Mafunzo ya uganga yalianza Makerere, huko Uganda, mnamo mwaka 1924. Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilichodumu tangu 1963 hadi 1970, kilianza kwa kugawana kazi: uganga Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam. Famasia haikupata kiti katika mgawo huo. Ilianza kufundishwa Nairobi na Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1974, na Makerere mwaka 1988. Hivyo pale Makerere daktari alimtangulia mfamasia kwa zaidi ya miaka 60. Kabla ya mwaka 1974 aliyetaka shahada ya famasia hakuwa na budi kuifuata katika nchi za mbali.

Kuchelewa huko kumeacha alama katika mawazo ya watu. Kijana anapopata barua ya kuchaguliwa kusomea famasia, si ajabu kumsikia mzazi akimwuliza kwa huzuni, "Mwanangu, miaka yote hiyo ya kusoma, mwisho wake ni kuuza duka?" Na kijana, kwa heshima, hujibu, "Baba, daktari ataandika jina la dawa. Lakini kama ndani ya kidonge hamna dawa, maandishi yake yatamponya nani?" Jibu hilo lina uzito kuliko linavyosikika.

Shule ya namna hii haisimami kwa sababu jengo limepakwa rangi na utepe umekatwa. Shida ya kwanza ni walimu. Mwalimu wa famasia hutoka katika shule ya famasia, na shule haiwezi kuanza bila mwalimu. Kwa hiyo shule changa huazima: mkemia kutoka kitivo cha sayansi, daktari kutoka kitivo cha uganga, mfamasia mzoefu kutoka hospitali kuu, na wageni kutoka ng'ambo. Baadaye wahitimu walio bora hupelekwa nje kuongeza elimu. Baadhi yao hurudi, na baadhi hawarudi. Taifa lisiloandaa mishahara na nyumba za walimu hawa hujikuta linasomesha kwa faida ya wengine.

Shida ya pili ni maabara. Mwanafunzi hana budi kuzoea mizani iwezayo kupima hata sehemu ya kumi ya miligramu. Hujifunza kutia kidonge katika maji yenye joto la nyuzi 37, kama joto la mwili wa binadamu, na kuyakoroga kwa mashine huku akiangalia saa. Kisha hupima ni kiasi gani cha dawa kimeyeyuka. Kidonge kinaweza kuwa na rangi nzuri na dawa kamili ndani yake, lakini kisipoyeyuka hupita tumboni kama kokoto, na mgonjwa hubaki na homa yake. Kazi hiyo yahitaji umeme usiokatika, maji safi, kemikali na vipuri. Bajeti inapopunguzwa, vitu hivyo ndivyo huanza kukosekana, na wanafunzi husoma ubaoni yale waliyopaswa kuyafanya kwa mikono yao.

Anayedhani kwamba hayo ni anasa na akumbuke yaliyokwisha kutokea. Mwaka 1937, nchini Marekani, dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kiyeyushi chenye sumu iliua watu zaidi ya 100. Mtu angetazamia kwamba somo hilo limekwisha kueleweka duniani. Lakini mwaka 2022, nchini Gambia, watoto wapatao 70 walifariki baada ya figo zao kushindwa kufanya kazi, na dawa za maji zilizoagizwa kutoka nje zikakutwa na sumu ya aina ileile. Wazazi waliozinunua hawakufanya kosa lolote. Chupa zilikuwa na karatasi zenye maandishi mazuri, na sumu hiyo haionekani kwa macho. Kinachoweza kuifichua ni maabara, na maabara bila watu waliofunzwa ni chumba tu chenye mashine.

Shule ya famasia ina faida nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kuchunguza mimea yetu. Kwinini ilitokana na gome la mti. Waliofaulu kuitenga, mwaka 1820, walikuwa wafamasia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou. Mti huo baadaye ulilimwa hata Kivu, nchini Kongo, na Bukavu ikawa na kiwanda cha kutengeneza kwinini. Kule Muhimbili, mwaka uleule wa 1974, kilianzishwa pia kitengo cha utafiti wa dawa za asili. Bibi zetu wanajua jani lipi huchemshwa kwa ugonjwa upi. Kazi ya shule ni kuuliza kwa adabu, kisha kupima: ni kitu gani ndani ya jani kinachotibu, kiasi gani kinafaa, na kiasi gani kinadhuru.

Basi mhitimu akishapata shahada yake, baada ya miaka minne au mitano na muda wa mazoezi hospitalini, ataelekea wapi? Hapa pana jambo la kuumiza kichwa. Maduka ya dawa ya mijini yana taa na faida, ilhali zahanati ya mbali ina ghala lenye joto na paa linalovuja. Shule iliyojengwa kwa fedha za mkulima haitakuwa imemlipa mkulima huyo mpaka elimu yake imfikie. Kwa hiyo wanaopanga shule hawana budi kupanga pia ajira, ghala na gari la kusambazia dawa. Mtoto hazaliwi kabla ya kutafutiwa nguo.

Wakati hayo yakingojewa, nyumba nazo zina sehemu yao. Dawa iwekwe mahali pakavu, pasipo jua, na mbali na mikono ya watoto. Isihamishiwe katika chupa ya soda. Dawa ya maji ipimwe kwa kifaa kilichokuja nayo, kwani vijiko vya jikoni havilingani. Dawa aliyoandikiwa jirani ni ya jirani. Na akina mama na akina baba wasione haya kumwuliza mtoaji wa dawa: hii ni dawa gani, inywewe kabla au baada ya chakula, kwa siku ngapi, na kuna hatari gani? Kuuliza si ujinga.

Maswali hayo mafupi yastahili kujibiwa na mtu ajuaye, katika kila wilaya. Kumpata mtu huyo ndiyo sababu ya shule.